Majibu Matatu Yaliyofanana

Nilipopangiwa shule ya kata huko Handeni nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha kufundisha Kiswahili na Jiografia. Tulikuwa lile kundi la walimu waliopikwa chapuchapu wakati kila kata ilipotakiwa iwe na sekondari yake. Watu walituita yeboyebo, jina la vile viatu vya plastiki vya kuvaa msimu mmoja, na sisi tulicheka nao kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Nilishuka kwenye basi nikiwa na godoro lililofungwa kamba, ndoo na begi la nguo. Mkuu wa shule alinipokea vizuri. Alinipa chumba kwenye nyumba ya walimu, akanionyesha kisima, akanitafutia na mama wa kunipikia wiki ya kwanza. Siku ya nne akaniita ofisini.

"Mwalimu, kidato cha nne hisabati ulipata nini?"

"C, mkuu."

"Basi wewe ndiye mwalimu wetu wa hisabati."

Nikamweleza masomo yangu. Akasema walimu wa Kiswahili anao watatu, wa hisabati hana hata mmoja, na watoto wa kidato cha pili walikuwa wamemaliza kidato cha kwanza chote bila kuandika hesabu hata moja. "Hapa mwenye C ni profesa," alisema, na hakuwa anatania.

Ningeweza kukataa. Sikukataa kwa sababu nilijisikia. Nyumbani Korogwe mwalimu wa hisabati ni mtu anayeogopwa na kuheshimiwa, na mimi nilikuwa mtoto wa mama muuza maandazi ambaye hakuna aliyewahi kumwogopa. Ile C yenyewe niliijua ilivyopatikana. Nilikariri mitihani ya miaka iliyopita, swali na jibu lake, kama mtu anavyokariri sura asiyoijua maana. Nilikuwa najua njia inaanzia wapi na inaishia wapi. Katikati palikuwa giza.

Shule ilikuwa na kitabu kimoja cha hisabati cha kidato cha kwanza, na kurasa za aljebra zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mwisho wa juma nilirudi Korogwe kutafuta madaftari yangu ya zamani. Mengi mama alikuwa ameyachana kufungia maandazi. Daftari la hisabati lilisalia kwa sababu jalada lake lilikuwa gumu na yeye alilitumia kufunika ndoo ya unga. Nikalipangusa, nikalibeba, na kwa mwaka mzima uliofuata lile daftari ndilo lililofundisha. Mimi nilikuwa mkono wake tu. Kama mwalimu wangu wa zamani aliandika sahihi ubaoni na mimi nikiwa na miaka kumi na minne nikanakili vibaya, hilo sitalijua kamwe.

Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya themanini. Wengine waliketi watatu kwenye dawati la wawili. Mlangoni kulikuwa na kibao kinachoamuru kila mtu azungumze Kiingereza ndani ya eneo la shule. Watoto hawa mwaka mmoja tu nyuma walikuwa wanajifunza hisabati kwa Kiswahili, wakijua kigawe na kigawo, pembetatu na mzingo. Wakavuka barabara kuja sekondari na kila kitu kikabadilika jina siku moja. Mimi mwenyewe Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma kutoka kwenye karatasi. Nilisoma sentensi, nikaiandika, nao wakaiandika. Wakinyamaza nilichukulia kwamba wameelewa.

Kulikuwa na msichana mmoja dawati la mbele, upande wa dirisha. Mrefu, mwembamba, Mzigua wa kijiji kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Baba yake alilima mahindi na ufuta. Kwa kuwa kwao ni mbali, yeye na wenzake wawili walipanga chumba kwa mama mmoja karibu na shule, wenyewe wakikiita geto, wakijipikia na kulala kitanda kimoja. Shule ya msingi alikuwa ameongoza kata nzima. Alikuwa na tabia ya kuangalia ubao kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine kabla ya kuandika, jambo ambalo lilinikera bila mimi kujua kwa nini.

Siku niliyofundisha ile alama yenye mdomo, inayosema upande huu ni mdogo kuliko ule, niliandika ubaoni kwamba hasi mbili mara x ni ndogo kuliko sita. Nikagawanya pande zote kwa hasi mbili. Nikapata x ni ndogo kuliko hasi tatu, nikapiga mistari miwili chini ya jibu kama lilivyokuwa kwenye daftari langu. Kumbe ukigawanya kwa namba hasi, alama inatakiwa igeuke, mdomo uangalie upande wa pili. Jibu ni x kubwa kuliko hasi tatu. Ni jambo dogo. Mtoto akifundishwa kwa utulivu analishika kwa dakika tano. Mimi sikulijua.

Yule msichana akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona nikiweka namba inakataa?"

Sikuelewa anasema nini. Niliona macho ya watu themanini yakihama kutoka kwake kuja kwangu.

"Uliza kwa Kiingereza," nikamwambia.

Akasimama. Akaanza neno moja la Kiingereza, akalirudia, akatafuta la pili, likakosekana. Darasa likaanza kucheka chinichini. Na mimi nikatabasamu, nikawaacha wacheke kidogo kabla ya kuwatuliza.

"Ukishalipata swali lako utaniletea," nikasema. "Kaa."

Kesho yake aliniletea. Alinisubiri nje ya darasa, akanipa karatasi kwa mikono miwili. Haikuwa na neno hata moja, la Kiswahili wala la Kiingereza. Zilikuwa namba tupu. Alichukua hasi nne, ambayo kwa jibu langu ilikuwa inafaa, akaizidisha kwa hasi mbili, akapata nane, halafu akaandika nane ni ndogo kuliko sita na kuweka alama ya kukosa. Chini yake akachukua sifuri, ambayo kwa jibu langu haikufaa. Hasi mbili mara sifuri ni sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko sita. Akaweka vema. Akafanya hivyo kwa namba kama kumi, safu moja inayofaa na safu moja isiyofaa, kwa mwandiko safi.

Siwezi kusema sikuelewa. Hasi kwa hasi ni chanya, hilo nililijua. Nilisimama pale barazani nikazidisha kichwani, nikapata nane kama yeye.

"Wewe unajua kuliko kitabu?" nikamuuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi andika kama ulivyofundishwa."

Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye, mwalimu wa hisabati kwelikweli, akifundisha Tanga. Namba yake nilikuwa nayo. Mtandao ulishika ukipanda kile kilima nyuma ya shule, na mimi nilipanda kila jioni kuongea na mchumba wangu. Sikumpigia. Nilijiambia labda kuna namba za pekee zinazokataa, kwamba kanuni ni kanuni.

Mwisho wa mwaka tukafanya mtihani wa shule. Ulikuwa na uzito kwa sababu ndio uliotumika kupanga nani aende mkondo wa sayansi kidato cha tatu. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne, kwa hiyo waliochukuliwa walikuwa wachache. Kila mtu alijua yule msichana anataka sayansi. Alishawaambia wenzake anataka kuwa mganga wa zahanati.

Nilitunga maswali manne ya ile alama. Nikasahihisha nikiwa nimeketi mlangoni kwangu, kalamu nyekundu mkononi na lile daftari la jalada gumu pembeni. Karatasi kama sabini na kitu zilikuwa na majibu yangu. Nyingine zilikuwa tupu. Halafu nikakutana na moja ambayo maswali yote manne alama imegeuzwa. Nikaweka alama za kukosa. Karatasi mbili mbele, vilevile, zote nne zimegeuzwa. Baadaye ya tatu. Nikaangalia majina. Walikuwa yule msichana na wenzake wawili wa geto.

Nikafikiri, mtu mmoja anaweza kukosea. Wawili wanaweza kukosea sawa kwa bahati. Watatu, mara nne, kwa namna ileile, hao wameibiana. Nilipoona hivyo nilifurahi. Ninaliandika kama lilivyokuwa. Nilifurahi kwa sababu jambo lililokuwa linanisumbua tangu ile karatasi sasa lilikuwa limepata jina, na jina lenyewe lilikuwa la kosa lao.

Mkuu wa shule aliwaita ofisini wote watatu. Nikaziweka karatasi zile mezani, moja kando ya nyingine.

"Nani amemwangalizia mwenzake?" mkuu akauliza. Hapo aliuliza kwa Kiswahili, alitaka kupata jibu.

Wawili wakainama. Yule mrefu akasema, "Hakuna aliyeangalizia. Mimi niliwafundisha."

"Uliwafundisha lini?"

"Geto, mkuu. Tukiwa tunapika."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyewapa majibu."

"Sikuwapa majibu. Niliwaonyesha jinsi inavyokwenda. Mwalimu anajua. Nilimpelekea karatasi."

Mkuu akanigeukia. "Karatasi gani, mwalimu?"

Nikasema, "Alileta vitu vyake visivyoeleweka. Nilimwambia afuate alichofundishwa, akakaidi."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimejaribu kwa miaka mingi kuyakumbuka vingine, hayakubali.

Walichapwa mstarini asubuhi iliyofuata, fimbo nne kila mmoja mkononi, shule nzima ikiangalia. Wakapewa sifuri kwenye hisabati, na ikaandikwa kwenye ripoti zao kwamba ni kwa udanganyifu. Wazazi wakaitwa kwa barua.

Baba wa yule msichana alifika baada ya siku mbili. Alikuja na baiskeli, suruali ameikunja upande mmoja, kofia ya kufuma kichwani. Mtu wa umri wa kunizaa. Nilikuwa nimeketi ofisini kwa mkuu, na kabla sijamwamkia, yeye akawahi kunisalimu, "Habari za asubuhi, mwalimu," akiwa amesimama. Nikajibu nzuri. Shikamoo ilinijia baadaye, ameshaketi, nikaona nimechelewa nikaiacha.

"Mimi hesabu hizi sizijui," alisema. "Niliishia darasa la nne. Nimeambiwa mtoto amekosa, nimekuja kuomba radhi."

Binti aliitwa. Alisimama mlangoni, viganja amevificha nyuma.

"Muombe mwalimu msamaha," baba akamwambia.

"Kwa kosa gani, baba?"

"Kwa hilo alilosema mwalimu."

Msichana akaniangalia. Sikuweza kuvumilia yale macho, nikashika kalamu nikajifanya naandika. Akasema samahani. Mkuu akamwambia aseme kwa Kiingereza, akasema. Neno hilo alilijua.

Baba yake alinishukuru. Alinyanyuka, akanipa mkono wake mgumu, akanishukuru kwa kumlea mtoto.

Likizo ya Desemba tukaitwa Korogwe, walimu wa hisabati wa shule za kata, kwenye mafunzo ya wiki moja katika chuo kimoja cha ualimu. Mkufunzi alikuwa mama mtu mzima, mpole, anayeandika herufi kubwa ubaoni kama anaandikia wasioona vizuri. Siku ya pili asubuhi akaandika hesabu kama ile yangu.

"Hapa ndipo watoto wengi wanapokosea," alisema. "Ukigawanya kwa hasi, alama inageuka. Nani atatuambia ni kwa nini?"

Mwalimu mmoja nyuma yangu akajibu upesi, akaeleza na mfano wa namba. Aliweka namba, akaonyesha inakataa, akaweka nyingine, ikakubali. Ilikuwa ni ile karatasi. Safu moja inayofaa, safu moja isiyofaa. Niliandika kila kitu kama wengine, halafu nikatoka nikaenda bombani kunawa uso, nikakaa huko mpaka wenzangu walipotoka kunywa chai.

Wengine kwenye mafunzo walifanya utani kwamba kuna walimu huko vijijini hawajui hata hilo. Nilicheka.

Shule ilipofunguliwa Januari, majina ya mikondo yalikuwa yameshabandikwa nje ya ofisi. Jina la yule msichana lilikuwa kwenye sanaa. La mwenzake mmoja lilikuwa chini yake. La tatu halikuwepo popote. Nikauliza, nikaambiwa huyo hatarudi. Baba yake alisema hawezi kuendelea kumpangishia chumba mtoto anayekwenda kuiba mitihani, na alikuwa ameshaozwa wakati wa likizo. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Nilikwenda kwa mkuu. Nataka hili lijulikane, kwamba nilikwenda, ingawa sijui linanisaidia nini. Nikamwambia wale wasichana walikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mkuu."

"Ripoti zimeshakwenda. Mikondo imeshapangwa. Nikimrudisha huyu, wale wengine sabini waliopata vema kwa majibu ya uongo nitawafanya nini? Wazazi nitawaambia nini, kwamba mwalimu wao hajui?" Akaipangusa miwani. "Ukianza kufukua hilo utafukua mangapi, mwalimu? Una uhakika ni hilo moja tu ulilokosea?"

Sikuwa na uhakika.

"Wafundishe vizuri hawa wanaokuja," akasema. "Hilo ndilo liko mikononi mwako."

"Sawa, mkuu."

Nilitoka pale nimepata nafuu. Kutojua ninaweza kujitetea. Ile nafuu sina namna ya kuitetea. Nilikwenda nikitaka nikataliwe, nikakataliwa, nikaenda kula.

Hisabati ni lazima mpaka kidato cha nne, hata kwa watu wa sanaa, kwa hiyo niliendelea kumfundisha miaka miwili mingine. Hakunyoosha mkono tena. Alihamia dawati la nyuma. Daftari lake lilikuwa na kile kilichokuwa ubaoni na si nukta zaidi. Tulipofika kwenye marudio, ikanibidi nipitie ile mada. Niliandika kanuni sahihi haraka, nikatoa mfano mmoja, nikafuta kabla wengi hawajamaliza kunakili. Nilipogeuka alikuwa anauangalia ubao uliofutwa. Halafu akaniangalia mimi. Halafu akainama akaandika.

Mtihani wa taifa alipata C ya hisabati, ileile niliyokuwa nayo mimi. Masomo ya sanaa ambayo hakuyachagua yalimwangusha. Hakuchaguliwa kwenda kidato cha tano.

Mimi nilisonga mbele. Nilisoma shahada ya ualimu wa hisabati wakati wa likizo, safari hii nikauliza kila nisichokijua, maana nilikuwa nimelipia ujinga wangu kwa kitu ambacho si changu. Nikahamia Korogwe, nikaoa, nikajenga. Watu husema ninafundisha hisabati hata jiwe linaelewa. Nimeshapewa cheti cha mwalimu bora mara mbili, kimojawapo mke wangu amekitundika sebuleni juu ya televisheni. Sasa ni mtaaluma wa shule, ninayepanga vipindi na mikondo.

Muhula uliopita, asubuhi moja, aliingia ofisini kwangu mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa dera na mtandio wa buluu. Alikuwa na harufu ya vitunguu na moshi, ya mtu aliyeamka mapema kupika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu uketi."

"Nina mtoto wa kaka yangu hapa, kidato cha pili mkondo B. Mimi ndiye mlezi wake. Naomba ahamie mkondo A."

"Kuna tatizo gani?"

"Mkondo B hisabati unafundisha wewe."

Nilifikiri amekosea kusema. Wazazi huja kuomba watoto wao waletwe kwangu, si watolewe. Nikamweleza kwa upole kwamba mkondo A unafundishwa na binti aliyetoka chuo juzi, bado mgeni wa kazi.

"Najua. Nimeuliza," alisema. "Mtoto anasema akiulizwa kitu asichokijua, anawaambia subirini nikaangalie."

Hapo nikamtambua. Sura ilikuwa imejaa, lakini kile kitendo cha kuangalia kitu kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine kilikuwa palepale. Nilisimama nikafunga mlango, nikakaa tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo hayo miaka mingi.

"Ulikuwa sahihi," nikasema. "Nilikuja kujua mwezi wa kumi na mbili uleule."

"Nilijua kwamba umejua. Kidato cha tatu uliandika ukafuta."

"Nilikwenda kwa mkuu. Akakataa."

"Akakukataza usiniambie mimi?"

Nikaanza kupanga makaratasi yaliyokuwa mezani.

"Tulikaa shule moja miaka miwili mingine, mwalimu. Kila asubuhi ulipita mbele ya geto letu ukienda kisimani. Nilikuwa nakuamkia." Hakupaza sauti. Alizungumza kama mtu anayesimulia safari ya mtu mwingine. "Nilikuwa nasubiri. Nilisema labda leo. Nilipofika kidato cha nne nikaacha."

Nikamuuliza habari za baba yake. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Alifariki mwaka juzi. Amekufa akijua mwanawe aliiba mtihani. Nilijaribu kumweleza mara moja, na karatasi, na namba. Akaniambia mwanangu, yameshapita, mimi nilishasamehe."

Nje kengele iligongwa, watoto wakaanza kuhama madarasa. Nikamwambia naomba anisamehe. Nikasema nitafanya chochote, nitakwenda kwao, nitawaeleza ndugu zake, nitaandika barua. Alinisikiliza huku ananyoosha pindo la mtandio wake.

"Sikuja kwa ajili ya hilo," akasema. "Nina mgahawa Segera, nimewaacha wasichana wangu peke yao na mabasi ya mchana yanakaribia. Nisainie tu fomu."

Nikatoa fomu ya kuhamisha mkondo. Kuna mstari wa kuandika sababu. Kalamu ilikaa juu ya ule mstari muda mrefu, na yeye aliona. Ningeweza kuandika. Ofisi ilikuwa yangu, fomu ilikuwa yangu, hakukuwa na mkuu wa kunikataza. Nikaandika: ombi la mlezi. Nikasaini, nikapiga muhuri.

Aliichukua akaisoma. Alifika kwenye ule mstari akasimama hapo kidogo, halafu akaikunja.

"Ahsante, mwalimu," alisema, akaondoka.

Saa nne nilimwita yule mwalimu mpya wa mkondo A. Alikuja na chaki mkononi na daftari la mahudhurio kwapani, vumbi mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kumweleza yote. Nilianza, nikasema kuna jambo lilitokea zamani Handeni, na yeye akasubiri, na mimi nikasema hapana, nimekuita tu kukujulisha kwamba unaongezewa mtoto mmoja kutoka kwangu.

"Sawa, mwalimu," alisema. "Yukoje? Ni wa kuuliza maswali?"

Nikafikiri. Nimemfundisha yule mtoto tangu Januari. Nikajaribu kuikumbuka sauti yake.

"Sijui," nikamwambia. "Kwangu hajawahi kuuliza."

Nikamtajia jina la mtoto, akaliandika kwenye daftari la mahudhurio, akarudi darasani.